Kufuga na kuzalisha kuku wa kienyeji nyumbani Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni ya mtu anayefuga kuku wachache nyuma ya nyumba, awe Ipuli, Isevya au kijijini Uyui, kwa sababu anawapenda na anataka mbegu yake iwe nzuri mwaka hadi mwaka. Kuku wa nyama wa wiki sita hatuwagusi. Jambo moja litajirudia humu: kuku wa kienyeji anajua kutaga na kuatamia bila kufundishwa, na hasara kubwa hutokea kati ya siku ya kuanguliwa na wiki ya nane. Pesa na nguvu zianze kwenda huko, ndipo uwaze aina na rangi.

Nianze na kuku wangapi?

Mitetea mitano na jogoo mmoja. Ukimaliza mwaka bila kupoteza vifaranga wengi, panda hadi mitetea minane au kumi kwa jogoo mmoja. Anayeanza na kuku thelathini hukutana na magonjwa yote kwa mpigo, kabla hajajua hata kuku mzima anavyosimama.

Ninunue mnadani?

Usinunue mnadani kuku wa mbegu. Tenga moja la mnadani hukusanya kuku wa kaya nyingi, na wapo wanaouzwa haraka kwa kuwa wenzao nyumbani wameanza kuanguka. Nenda nyumbani kwa mfugaji, umwone mama, umwone jogoo, uwaone na ndugu zao.

Kabla ya kulipa, mshike kuku mkononi. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kifua. Ukiwa umechongoka na pembeni hakuna nyama, ana minyoo au njaa ya muda mrefu. Minya taratibu juu ya pua, pakitoka ute mrudishe. Fungua manyoya chini ya mbawa na kuzunguka njia ya haja, uangalie chawa na mayai yao yaliyoganda kwenye mashina ya manyoya. Magamba ya miguu yakiwa yameinuka na yana unga mweupe, huo ni utitiri wa miguu. Huo unatibika: paka mafuta ya kupikia au vaselini miguu yote kila baada ya siku tatu kwa wiki mbili. Usimkatae kuku mzuri kwa hilo tu.

Mgeni akae peke yake siku 21, mbali na wenyeji, na vyombo vyake vya chakula na maji. Wahudumie wenyeji kwanza, mgeni mwisho. Kama kuku wanatoka wilaya nyingine, pitia kwa afisa mifugo upate kibali cha kusafirisha.

Singamagazi, kuchi, kishingo, kidimu: yupi ananifaa?

Singamagazi ndiye kuku anayejulikana kwa jina la Tabora. Ana umbo kubwa. Jogoo wake ni mwekundu wa kukolea mwenye mkia mweusi, akikomaa hukaribia kilo tatu. Mtetea ana rangi ya kahawia inayoelekea njano na hufika kilo mbili hivi. Ni mkali, na ukali huo unasaidia mwewe akipita. Kuchi ni mrefu, shingo ndefu, upanga mdogo uliolala, kifua kipana. Watu humpenda kwa umbo na kwa nyama, lakini anataga mayai machache na majogoo wawili wa kuchi hawakai banda moja. Ukitaka mzazi wa kulea vifaranga vingi, mtetea wa kawaida wa uzito wa kati anawazidi wote wawili. Kuchi mzito huvunja mayai akiingia kiotani kwa kuruka.

Kishingo na kidimu si makabila ya kuku. Ni sifa moja moja zinazorithiwa, zinaweza kuingia kwenye kuku wa aina yoyote, na ukizijua unaweza kupanga vifaranga vyako kabla ya kuwaona.

Kishingo angalia mbele ya shingo, juu kidogo ya kifua. Akiwa na fungu dogo la manyoya pale, amerithi sifa hiyo kwa mzazi mmoja. Ukimpandisha na kuku wa shingo ya manyoya, takriban nusu ya vifaranga watakuwa kishingo. Akiwa mtupu kabisa, amerithi kwa wazazi wote wawili, na vifaranga wake wote watatoka kishingo hata mwenzake awe na manyoya. Kwa joto letu la Septemba na Oktoba kishingo ana faida ya kweli, maana anapoza mwili upesi kuliko wenzake.

Kidimu, yule wa manyoya yaliyojikunja kuelekea mbele, usimpandishe na kidimu mwenzake. Robo ya vifaranga hurithi pande zote mbili, wanaota manyoya membamba yanayokatika, wanabaki karibu uchi na baridi ya Juni inawamaliza. Kidimu kwa kuku wa manyoya ya kawaida: nusu kidimu, nusu kawaida, wote wazima.

Kibutu, asiye na mkia, mara nyingi hutoa mayai yasiyo na mbegu kwa sababu manyoya ya nyuma hufunika njia ya haja. Yapunguze kwa mkasi, jike na dume, kabla ya msimu wa kukusanya mayai.

Nikichanganya na Sasso au Kuroiler (aina za kuku walioboreshwa)?

Kizazi cha kwanza hukua haraka na kinapendeza macho. Shida inaanza kizazi cha pili: wengine wakubwa, wengine wadogo, na hamu ya kuatamia inapungua. Kama kuatamia ndiko unakokutegemea, weka chotara kwenye banda lao.

Banda liweje?

Kwa mitetea kumi na jogoo mmoja wanaotoka nje mchana, sakafu ya mita 2 kwa 1.5 inatosha. Kama hawatoki, zidisha mara tatu. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua la alasiri ligonge upande mfupi, na ukuta wa mashariki uwe mzima bila dirisha kwa kuwa upepo wa kiangazi huku hutoka mashariki na kusini-mashariki. Madirisha yakae kaskazini na kusini, juu ya vichwa vya kuku waliolala.

Wavu wa kawaida wa kuku unamzuia kuku asitoke; haumzuii kicheche wala nyoka asiingie. Tumia wavu wenye matundu yasiyozidi sentimita 1.25, angalau kwenye madirisha na sehemu ya chini. Banda la kuinuliwa, sentimita 60 hadi mita moja kutoka ardhini, linasaidia sana. Kila nguzo ifungwe mkanda wa bati laini upana wa sentimita 30 ili panya ateleze, na msimu wa siafu funga kitambaa kilicholowa oili chafu chini ya mkanda huo. Nyasi na matawi yasiguse banda, la sivyo umewawekea ngazi.

Fito za kulalia: unene wa sentimita 4 hadi 5, za mviringo, kila kuku sentimita 20. Ziwe juu kuliko viota, vinginevyo kuku watalala viotani na kuvichafua. Kwa kuchi na singamagazi, fito zisizidi sentimita 40 kutoka sakafuni, kwani kuku mzito akiruka kila asubuhi hupata uvimbe chini ya wayo. Kiota kimoja kwa mitetea minne, sentimita 30 kwa 30 na kina cha 35, mahali penye kagiza.

Sakafuni weka maranda ya kwenye karakana za useremala, unene wa sentimita 5 hadi 8. Vumbi la msumeno usitumie kwa vifaranga, maana wanalila likajaa tumboni. Palipolowa toa siku hiyohiyo.

Jogoo nibadilishe lini?

Kabla binti zake hawajaanza kutaga. Mtetea wa kienyeji huanza kutaga akiwa na miezi sita au saba, kwa hiyo jogoo aondoke kabla binti zake wa kwanza hawajafika umri huo. Akibaki atapanda binti zake. Dalili huja polepole: mayai yasiyo na mbegu yanaongezeka, vifaranga dhaifu, wengine midomo imepinda.

Njia rahisi ni kushirikiana nyumba tatu. Majogoo vijana wa nyumba ya kwanza huenda ya pili daima, wa pili huenda ya tatu, wa tatu hurudi ya kwanza. Mitetea haihami. Mkifuata utaratibu huo bila kuruka, damu inachelewa sana kukaribiana. Kinachovunja mpango huu ni mtu kumpenda jogoo wake akakataa kumtoa.

Jogoo mpya akiingia, subiri wiki tatu kabla ya kuweka mayai ya kutotolesha. Mtetea huhifadhi mbegu ya jogoo wa zamani mwilini kwa wiki mbili na zaidi.

Kuku amekaa kiotani hataki kutoka. Nimwekee mayai mangapi?

Kwanza hakikisha anaatamia kweli. Akilala kiotani usiku mbili mfululizo, akivimbisha manyoya na kudonoa mkono wako, yuko tayari. Mpe mayai 10 hadi 12, mdogo 8. Kipimo ni kuangalia kwa nyuma: yai lolote linaloonekana nje ya manyoya ni la ziada, na si hilo peke yake litakaloharibika, kwa kuwa anayazungusha na kila yai litapata zamu yake ya baridi.

Muhamishe usiku kwenda mahali tulivu. Chini ya kiota weka udongo mkavu uliobonyezwa katikati, juu nyasi laini. Mnyunyizie dawa ya unga ya chawa kabla hajaanza, si katikati ya kuatamia. Andika kila yai alama kwa penseli, maana wenzake wataongeza ya kwao na wewe hutajua lipi la lini. Weka mahindi mazima na maji karibu. Anatoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 20, na hiyo ni sawa.

Siku ya 7 pima kwa tochi ya simu kwenye chumba cha giza: kata tundu dogo kwenye kadibodi, bana yai juu yake. Ukiona kidoa chenye mishipa myembamba iliyotanda, liko hai. Yai jeupe lote halina mbegu. Duara jekundu bila mishipa ni kiini kilichokufa. Kuanzia siku ya 18 usimguse. Siku ya 21 wanatoka.

Nina kuku watatu, kila mmoja anaanza kuatamia siku yake. Naweza kuwafanya waangue pamoja?

Unaweza, na hapa ndipo mfugaji wa nyumbani anapopata faida kubwa bila mashine. Anayeanza mpe mayai viza au ya kuchemshwa yenye alama. Anaatamia hayo huku ukisubiri wenzake, hadi siku kumi hivi. Wote wakishatulia, jioni moja ondoa mayai ya danganya toto na uwawekee yale uliyokusanya. Wataangua siku moja.

Vifaranga wakikauka, wachukue usiku na uwape mama mmoja au wawili walio wapole. Mama mmoja anaweza kubeba 20 hadi 25 msimu wa ukavu kama wanalala ndani. Waliobaki bila vifaranga walishe vizuri, na baada ya wiki tatu au nne wengi wanarudi kutaga. Kuku anayelea hadi vifaranga wajitegemee hukaa miezi miwili au mitatu bila yai. Ndiyo maana kwa kawaida hupati zaidi ya mikupuo mitatu au minne ya mayai 10 hadi 15 kwa mwaka.

Usiyetaka aatamie, mweke kwenye tenga lililoning'inizwa, chini pawe na fito tupu hewa ipite, chakula na maji viwepo. Siku tatu au nne zinatosha. Kumtumbukiza kwenye maji au kumfunga bawa ni kumtesa tu.

Mayai ya kutotolesha nayatunzaje, hasa Oktoba?

Kusanya mara tatu kwa siku. Yapange ncha iliyochongoka ikiwa chini, kwenye mchanga mkavu au trei, chumba cha udongo kilicho baridi kuliko vyote, karibu na mtungi. Kila siku inamisha trei upande mmoja, kesho upande wa pili. Miezi ya baridi yanakaa siku saba. Septemba hadi Novemba usipitishe siku nne: kwenye joto la nyuzi 27 na zaidi, kiini huanza kukua kidogokidogo kisha hufa. Usiyaoshe. Uchafu mkavu ukwangue kwa kucha. Lililochafuka sana kaangia chai.

Ya kuacha ni yaliyopinda, yenye ganda la chenga, yenye nyufa, na madogo mno kwa kundi lako.

Mayai mengi hayakuangua. Nini kimetokea?

Usiyatupe kabla ya kuyavunja, nje ya nyumba, moja moja. Yenyewe yatakueleza.

Ndani ni maji na kiini cha kawaida: hayakuwa na mbegu. Tazama jogoo (umri, miguu mibovu, mitetea kupita kumi) au mayai yalikaa mno. Duara la damu: yalikufa siku za mwanzo, mara nyingi kwa joto la mahali pa kuhifadhia, au mama aliachwa nje usiku mmoja. Kifaranga kamili hajatoboa ganda: kwa mashine, aghalabu ni unyevu mbaya au mayai kutogeuzwa, kwa kuku, ni mama aliyesumbuliwa na chawa akawa anatoka mara kwa mara. Ametoboa akafia hapohapo, utando umemkauka mwilini: hewa ilikuwa kavu siku tatu za mwisho. Kiangazi cha Tabora kinasababisha hili sana, kwa hiyo kuanzia siku ya 18 nyunyizia maji udongo unaozunguka kiota, si mayai. Yai lililonuka na kupasuka limeingiwa na vijidudu, mara nyingi kwa kuoshwa au kwa kiota kichafu.

Mashine ya kutotolesha inafaa?

Chini ya mayai 40 kwa mkupuo, kuku watatu wanakushinda. Ukiwa nayo, yenye feni iweke nyuzi 37.5 hadi 37.8, isiyo na feni nyuzi 38.3 zikipimwa usawa wa juu ya mayai. Unyevu asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha 65 hadi 70. Geuza mara tatu au tano kwa siku, idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili upande uliolala usiku ubadilike. Siku ya 18 acha kugeuza, na usifungue kuchungulia. Umeme ukikatika, ziba kwa blanketi na uweke chupa za maji ya moto pembeni. Saa mbili tatu haziui; kinachoua ni kuongeza joto kupita kiasi umeme ukirudi ili "kufidia".

Vifaranga nilee na mama au niwatenge?

Na mama, lakini ndani. Kifaranga anayeanza kutembea uani siku ya tatu ni chakula cha mwewe, nguchiro na paka. Mama na wanawe wakae kwenye chumba au tenga kubwa wiki nne za mwanzo, kisha watoke saa chache mchana. Weka kizuizi chenye nafasi za sentimita 5 hadi 6, vifaranga wapite wakale chakula chao ambacho mama hakifikii. Bila hivyo, mama na wakubwa wanamaliza chakula cha gharama.

Ukiwatenga, vifaranga 50 wanahitaji duara la kipenyo cha mita moja na robo, ukuta wa kadibodi ngumu au bati wa sentimita 45. Joto chini ya chanzo liwe nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, punguza nyuzi 3 kila wiki. Kipimo cha kweli ni wao wenyewe. Wakirundikana na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia ukutani na kuhema midomo wazi, wamezidiwa. Wakitawanyika na kulala huku na huku, acha hivyo. Jiko la mkaa liwashwe nje mpaka moshi uishe, liingizwe ndani ya chungu kilichotobolewa, na pawe na tundu la hewa juu karibu na paa. Mkaa kwenye chumba kilichozibwa huua vifaranga wote usiku mmoja, na mtu anayelala humo pia.

Maji yawe kwenye chombo kifupi chenye changarawe safi ndani. Kifaranga huzama kwenye kina cha kidole.

Nichanganye chakula gani?

Kwa vifaranga hadi wiki ya nane, kilo 20: mahindi ya kubaraza kilo 11, mashudu ya alizeti 3, dagaa wa kusaga 2.5, soya iliyokaangwa na kusagwa 1.5, pumba za mahindi 1.5, unga wa mifupa gramu 300, chokaa ya mifugo gramu 100, chumvi gramu 50, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) gramu 50. Inatoa protini karibu asilimia 19. Kifaranga mmoja hula kilo moja na nusu hadi mbili kwa wiki hizo nane. Soya mbichi usiweke. Ina kizuizi kinachozuia protini kusagika tumboni.

Kwa wanaotaga, kilo 20: mahindi 9, pumba za mahindi 4.3, mashudu ya alizeti 3.5, dagaa 1.7, chokaa 1, mifupa gramu 400, chumvi gramu 50, premiksi gramu 50. Wanaotoka nje wape gramu 50 hadi 70 kila mmoja jioni, wasiotoka gramu 110 hivi. Maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa yawe kwenye kopo pembeni, kila mmoja ajichotee.

Dagaa wanaoshuka kutoka Kigoma ni wazuri, na chenga za chini ya gunia ni nafuu. Waonje kwanza. Wakiwa na chumvi, toa chumvi yote kwenye mchanganyiko, la sivyo vifaranga watakunywa maji kupita kiasi na kuharisha. Wakiwa na mchanga, unanunua mchanga kwa bei ya samaki.

Michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na ugali uliobaki vinajaza tumbo bila kujenga mwili. Si vibaya kwa jogoo mzee. Kwa kifaranga ni hasara.

Mashudu ya pamba na ya karanga je?

Ya pamba, yanayopatikana Igunga na Nzega, yana sumu ya asili iitwayo gosipoli. Ikizidi, kiini cha yai hugeuka rangi ya kijani-kahawia yai likikaa. Kwa kuku wa mbegu yaache kabisa. Ya karanga hatari yake ni ukungu. Karanga na mahindi yaliyovunwa yakalala kwenye unyevu hubeba sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kuanika. Kuku hafi siku hiyo: hakui, ini linaharibika, chanjo haishiki. Mahindi yaliyooza uliyoyatenga na ya kula usiwapelekee kuku.

Mchwa naweza kuwavuna?

Ndiyo, na ndiyo protini ya bure kuliko zote huku. Jaza chungu kikuukuu mabua makavu ya mahindi yaliyochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, lowanisha, kisha kifudikize jioni juu ya njia ya mchwa uliyoifukua kidogo. Funika kwa nyasi na udongo ili jua lisikipate. Asubuhi na mapema, kabla joto halijawarudisha chini, kikung'ute mbele ya vifaranga. Usitegeshe karibu na nyumba ya tofali mbichi wala penye dawa ya mchwa.

Chanjo ipi, siku ipi?

Siku ya 7 kideri (mdondo, yaani Newcastle), ya 14 gumboro (ugonjwa unaovunja kinga ya vifaranga), ya 21 kideri, ya 28 gumboro, wiki ya 6 hadi 8 ndui kwa kuchoma kwenye ngozi ya bawa. Baada ya hapo kideri kila miezi mitatu, kundi zima siku moja.

Kwa kundi dogo la nyumbani, chanjo ya kideri ya matone ya jicho, I-2, ndiyo inayofaa: inastahimili joto kuliko zile za kwenye maji, na kila kuku anapata kipimo chake. Tone moja jicho moja, subiri apepese ndipo umwachie. Ipelekwe nyumbani ndani ya kitambaa kibichi, kivulini, na ikishachanganywa fuata muda uliotajwa kwenye chupa. Ya kwenye maji inahitaji maji yasiyo na klorini; ya bomba yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha au uongeze maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita. Wanyime maji saa moja au mbili kwanza, nayo iishe ndani ya saa mbili.

Kideri hupiga sana kiangazi, kuanzia Juni mpaka mvua zinapoanza. Chanja Mei, usingoje kusikia jirani analia. Kinyesi cha kijani, kuhema, shingo kupinda: hapo hakuna dawa, na kumchanja mgonjwa hakumponyi. Mizoga ichomwe au ifukiwe kwa kina. Ukiitupa, mbwa wanaisambaza mtaa mzima.

Vifaranga wanaharisha damu.

Wakiwa na wiki tatu hadi sita na maranda yamelowa, ni koksidia, ugonjwa wa vijidudu vya utumbo. Amproliamu kwenye maji kwa siku tano, kipimo cha kwenye pakiti, na siku hiyohiyo ondoa maranda yote. Dawa bila kubadilisha maranda ni kazi bure. Ukiona haipungui baada ya siku mbili, mpelekee afisa mifugo wa kata kifaranga aliyekufa muda huohuo, si wa jana.

Viroboto wameganda kuzunguka macho.

Ni wa kawaida kwenye udongo wetu wa kichanga. Usiwang'oe, paka vaselini nene juu yao, watakosa hewa na kudondoka. Kisha fagia banda, mwaga maji ya chumvi kwenye nyufa za sakafu na upake chokaa ukutani. Kuku wapate shimo la majivu na mchanga mkavu la kujigaragaza.

Mabua ya tumbaku kiotani yanafukuza utitiri, sivyo?

Yanafukuza, lakini nikotini inapita kwenye ngozi na ni sumu kwa kuku pia, kifaranga akiwa wa kwanza kudhurika. Kiota kikilowa hatari inaongezeka. Tumia dawa ya unga ya duka la mifugo, na uchome nyasi za kiota kila baada ya mkupuo.

Nani abaki awe mzazi?

Daftari ndilo linaloamua. Kwa kila mtetea andika mayai aliyowekewa, yaliyoangua, na vifaranga waliofika wiki ya nane. Safu ya tatu ndiyo ya kutazama. Mtetea wa mayai 15 na vifaranga wawili hai anashindwa na wa mayai 10 aliyefikisha saba. Uteuzi wa kwanza fanya wiki ya 10: toa waliodumaa, wenye midomo au vidole vilivyopinda. Wa pili wiki ya 20: hapo ndipo rangi na umbo viingie. Jogoo mchague kutoka kwa mama bora, si yule mkubwa kuliko wote. Mara nyingi mkubwa ni yule aliyeanguliwa mapema au aliyewanyang'anya wenzake chakula.

Kuku wanakula mayai.

Kusanya mapema, tia giza viotani, ongeza chokaa. Mlaji sugu ana ute wa kiini mdomoni asubuhi. Huyo ni wa supu.

Msimu gani bora kuangua?

Mei. Mahindi mapya yameingia bei ikashuka, ardhi imekauka na koksidia imepungua. Gharama yake ni mkaa wa usiku wa Juni na Julai. Walioanguliwa Desemba hadi Februari hukuta mvua, mbu wa ndui na maranda yasiyokauka. Ukilazimika, punguza idadi kwa nusu.